Ngitili: Historia ya Miti ya Usukuma na Wenye Miti

Ukitoka Mwanza mjini ukashika njia ya Shinyanga, mbuga nyeupe utakayoiona haikuumbwa hivyo. Imefanywa hivyo, na waliofanya ni wengi.

Wasukuma walikuwa na ngitili tangu zamani: sehemu ya malisho na miti iliyofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikipamba moto, ili ndama, maksai na ng'ombe waliodhoofu wapate nyasi wakati kwingine ni vumbi tupu. Migunga, mikwaju na mibuyu ilitoa kuni, dawa, asali, na kitu cha kuuza mwaka wa njaa. Ilikuwa akiba ya mkulima. Benki yake, kwa lugha ya mjini.

Katika miaka ya 1920 Mwingereza Swynnerton alisimamia ufyekaji wa misitu ya Shinyanga kufukuza mbung'o. Mbung'o walipungua, hatuna sababu ya kulificha hilo. Lakini nyuma ya shoka lilikuja jembe la pamba, na pamba ilikuwa mali ya viwanda vya ng'ambo. Mwaka 1947 ukaja Mpango wa Maendeleo ya Usukuma na amri za kupunguza mifugo. Wakulima waliupinga, na TANU ikapata udongo wenye rutuba.

Wanafunzi wetu hupenda kuishia hapo, mkoloni akiwa amebeba mzigo wote. Haiwezekani. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwatoa watu kwenye makazi yao, ngitili zikabaki bila mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hukatwa. Shabaha ya kuwaleta watu karibu na shule, maji na zahanati ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kutomwuliza mzee wa Kisukuma alichokuwa anakiacha nyuma. Beberu hakuwapo.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Ngitili zilizojulikana wakati huo zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Miche ya vitalu haikufanya kazi hiyo. Visiki vilivyobaki ardhini vilichipua vyenyewe mara shoka na ng'ombe vilipozuiwa, na waliozuia walikuwa dagashida, mkutano wa mila, pamoja na sungusungu na faini zao. Wataalamu walikuja kujifunza, nao walifanya vema.

Huku ziwani mahitaji yalikwenda kinyume. Dagaa hukaushwa kwa jua. Sangara ana mafuta, anataka moshi, na moshi ni kuni. Sasa hali ya hewa nayo imegeuka. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza mialo. Mwaka uliofuata vuli ilikosekana sehemu nyingi za kaskazini mwa nchi. Kwa hiyo thamani ya ngitili inapanda, na hapo ndipo swali la matabaka linapozuka. Ngitili nyingi ni za kaya moja moja, na mwenye ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili pana. Mjane asiye na ng'ombe huokota kuni kwa ruhusa yake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi ya pamoja na kuiandikisha. Kada akifika kijijini aombe daftari hilo, aone ngitili ya wote imeandikwa ekari ngapi.