Sauti ya Bibi Titi: Somo la Kusema Mbele ya Watu

Leo twaendelea na masomo yetu ya historia. Mwalimu wa darasa, tafadhali tazama kama kila mtu ana karatasi ya somo na kalamu. Awezaye kufuata maandishi kwa kidole, afuate. Asiyeweza bado, asikilize kwanza, kisha mwenzake atamsomea.

Somo la leo lahusu jambo linalowatia hofu watu wazima wengi kuliko hata kushika kalamu. Jambo hilo ni kusimama mbele ya watu na kusema. Yupo mtu ambaye nyumbani ni msemaji hodari, na sokoni hapunjwi hata senti moja. Lakini mwenyekiti wa mkutano akimwita jina, magoti humlegea, na neno alilokuja nalo hulisahau. Akirudi nyumbani ndipo maneno yote humjia, tena mazuri. Lakini mkutano umekwisha, na mambo yamekwisha kuamuliwa bila yeye. Hapo hujisemea moyoni, "Mimi sikusoma. Kusema mbele ya watu ni kazi ya waliosoma."

Je, ni kweli? Tuiulize historia. Tutamtazama mwanamke mmoja wa Dar es Salaam aliyesoma shule miaka michache tu, naye akawa mmoja wa wasemaji wakubwa wa nchi yake. Jina lake ni Bibi Titi Mohamed.

NCHI ILIVYOKUWA

Kwanza tukumbuke hali ya nchi wakati huo. Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza, kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 7 Julai 1954 kilianzishwa chama cha TANU, na rais wake akawa Mwalimu Julius Nyerere. Chama kilitaka nchi ijitawale.

Lakini chama ni watu, na watu waliokuwa wakija mikutanoni walikuwa karibu wote wanaume. Wanawake walikuwako mjini. Walipika, waliuza vitu, walilea, walizika, walicheza ngoma. Mikutanoni hawakuonekana. Desturi ya siku zile ilikuwa kwamba mwanamke mwenye heshima zake hasimami katikati ya wanaume akapaza sauti.

Mwaka 1955 alifika Dar es Salaam Bwana John Hatch, mtu wa chama cha Labour cha Uingereza. Aliwauliza viongozi wa TANU kama chama chao kina sehemu ya wanawake. Swali hilo lilikuwa dogo, lakini lilifanya kazi kubwa. Wanaume waliokuwa na kadi walitambua kwamba nusu ya watu wa nchi hawamo chamani. Alitakiwa mwanamke wa kuwaongoza wengine, na aliyechaguliwa ni Bibi Titi. Yeye na mumewe walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuchukua kadi za chama.

MWIMBAJI WA NGOMA

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alisoma miaka michache katika shule ya msingi, kisha akaolewa angali msichana. Hakuwa mwalimu wala karani. Kabla ya siku hizo hakuwa amezoea kuhutubia mikutano ya siasa.

Lakini alikuwa na jambo moja. Alikuwa mwimbaji mkuu wa kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba.

Tufikiri kidogo hapa, ndugu wanafunzi. Mwimbaji mkuu wa ngoma hufanya kazi gani? Huanza yeye, na wengine humwitikia. Lazima sauti yake ifike mpaka kwa mtu wa mwisho. Lazima ajue wakati wa kupaza na wakati wa kunyamaza ili wenzake waitikie. Tena lazima atazame nyuso za watu. Akiona wamechoka, hubadili wimbo. Akiona wamechangamka, huwaongoza mbele.

Basi mambo hayo yote ndiyo kazi ya msemaji. Bibi Titi hakupewa cheti kwa kazi ya kuimba, lakini ngoma ilikuwa imempa mazoezi ya miaka. Tazameni na ninyi maisha yenu. Aliyezoea kuwatulia watoto hadithi, aliyewahi kusuluhisha ugomvi wa jirani, anayenadi samaki mnadani, huyo amekwisha anza kujifunza kusema.

ALIVYOWAENDEA WATU

Sasa tuangalie namna alivyofanya kazi. Tutahesabu mambo matatu.

La kwanza, aliwaendea watu mahali walipo. Mjini Dar es Salaam vilikuwako vikundi vingi vya ngoma za wanawake. Kila kikundi kilikuwa na viongozi wake, michango yake, na wanachama wanaosaidiana katika furaha na msiba. Bibi Titi hakungoja wanawake waje ofisini. Alizungumza na viongozi wa vikundi, nao wakawaita watu wao. Hivyo maneno yake yalifika kwa watu wanaojuana na kuaminiana.

La pili, hoja yake aliitoa katika maisha ya wasikilizaji wake. Hakuanza na sheria za udhamini, wala habari za mabaraza ya mbali. Aliwakumbusha wanawake kwamba wao ndio waliowazaa wanaume wote wanaoonekana mikutanoni. Basi iweje waambiwe kuwa hawana nguvu? Kila mama aliyesikia hoja hiyo aliifahamu papo hapo, maana ushahidi wake alikuwa nao mwenyewe, mgongoni au mkononi. Hiyo ndiyo hoja njema. Msikilizaji huikubali kwa sababu anaiona katika maisha yake.

La tatu, hotuba yake ilikuwa na kazi ya kufanya mwishoni. Watu waliombwa wajiunge na chama. Hawakuachwa warudi nyumbani wakisema tu, "Leo tumesikia maneno matamu." Kila mmoja alijua atakalofanya akitoka pale.

Tena alitumia Kiswahili, lugha aliyoizaliwa nayo, ambayo watu wa makabila mengi walikuwa wakiielewa. Hakuwa na haja ya kutafuta maneno ya kigeni ili aonekane mkubwa.

Matokeo yake yalikuwa nini? Kufikia Oktoba 1955, Bwana Oscar Kambona, katibu wa TANU, aliandika kwamba wanawake 5,000 wamekwisha jiunga. Chama kilikuwa hakijatimiza hata miaka miwili. Baadaye Bibi Titi alisafiri sehemu nyingi za nchi kuhutubia watu. Na mwaka 1957, serikali ya kikoloni ilipomzuia Nyerere kwa muda asihutubie mikutano ya hadhara, chama hakikunyamaza, kwa kuwa kilikuwa na wasemaji wengine.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Bibi Titi akawa Mbunge na akashika kazi serikalini. Akaongoza pia Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioanzishwa mwaka 1962.

SIKU NGUMU

Historia haituonyeshi mchana peke yake. Hutuonyesha na usiku. Mwaka 1967 lilitolewa Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Bibi Titi hakukubaliana na masharti hayo, akajiuzulu uongozi. Mwaka 1969 alikamatwa pamoja na watu wengine kwa shtaka la uhaini. Alihukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiliwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi baada ya hapo jina lake halikutajwa sana. Alifariki mwaka 2000. Leo barabara kubwa mjini Dar es Salaam yaitwa kwa jina lake.

Mambo hayo watu wameyapima kwa mizani mbalimbali, nanyi mwaweza kuyajadili darasani. Sisi tutazame jambo moja linalohusu somo letu.

ULIMI NA KALAMU

Bibi Titi alihutubia maelfu ya watu. Je, leo twaweza kufungua kitabu tukasoma hotuba zake zote neno kwa neno? Hapana. Nyingi hazikuandikwa. Zilitoka kinywani zikaingia masikioni, zikafanya kazi yake, kisha zikapita.

Sehemu kubwa ya tunayoyajua twayajua kwa sababu mwaka 1984 mwanahistoria mmoja kutoka Marekani, Bibi Susan Geiger, alikwenda kumwuliza, naye akasimulia. Geiger aliwauliza pia wanawake wengine waliofanya kazi hiyo, akatoa kitabu mwaka 1997. Bila mazungumzo hayo, mengi yangezikwa pamoja na wenyewe.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Na maneno ni mali, ndugu wanafunzi. Kwa hiyo msimwamini anayewaambia kwamba asiyesoma hawezi kusema. Bibi Titi amekwisha mjibu. Lakini msimwamini vilevile anayewaambia kwamba mwenye ulimi hana haja ya kalamu. Ulimi huwakusanya watu leo. Kalamu huweka walichokubaliana, ili kesho asitokee mtu akasema hakikusemwa.

TUJARIBU WENYEWE

Sasa tuchukue mfano wa siku hizi. Mama mmoja anataka kusema katika mkutano wa kijiji kuhusu zahanati. Sikilizeni namna ya kwanza:

"Ndugu mwenyekiti, mimi nina mengi. Kijiji hiki kina shida. Barabara mbovu, watoto hawana adabu, na zahanati nayo ndiyo hivyo, sijui tufanyeje, tumechoka."

Mama huyu amesema kweli, lakini hakuna awezaye kumsaidia. Ametaja mambo matatu, na hakuomba hata moja. Sasa sikilizeni namna ya pili:

"Ndugu mwenyekiti, nina neno moja, nalo ni saa ya kufungua zahanati. Sisi wenye watoto wachanga twafika saa kumi na mbili asubuhi, na mlango hufunguliwa saa nne. Watoto wenye homa hukaa juani. Naomba mkutano huu umwandikie mganga, tumwombe afungue saa mbili. Ahsante."

Mwaona tofauti? Amesema neno moja. Ametoa ushahidi ambao kila mzazi pale anaujua. Ameomba kazi inayoweza kufanyika. Kisha ameketi. Na kwa kuwa ameomba iandikwe barua, neno lake halitapotea.

Mwalimu wa darasa, kila mwanafunzi na asimame kwa zamu, aseme kwa dakika mbili tu. Achague jambo moja la kweli linalomgusa. Kabla ya kusimama, aandike maneno matatu katika karatasi yake: la kwanza ni jambo lenyewe, la pili ni ushahidi, la tatu ni ombi. Akisahau, atazame karatasi, si aibu. Asimame wima, avute pumzi, amtazame mtu aliyekaa nyuma kabisa, aseme naye. Sauti ikimfikia huyo, imewafikia wote. Na wanaosikiliza wasicheke mtu akikwama. Wanyamaze, wamngoje. Kusikiliza vizuri ni nusu ya kazi ya mkutano.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini wanawake hawakuonekana katika mikutano ya mwanzo ya TANU?

2. Kazi ya kuimba ngoma ilimsaidiaje Bibi Titi kuwa msemaji?

3. Taja vikundi vilivyoko mahali pako ambamo watu hujuana na kuaminiana. Ungekuwa na neno la kuwaambia, ungeanzia kikundi gani? Kwa nini?

4. Ni mzee gani wa mahali pako anayejua habari za zamani ambazo hazijaandikwa? Nenda ukamwulize jambo moja, uandike jibu lake kwa sentensi tano, ulilete darasani.

Swali hilo la nne msiliahirishe. Mzee mliyemfikiria sasa hivi yupo leo, na anayo ya kusema. Mwendeeni kabla ya somo lijalo, mkiwa na kalamu mkononi. Kwaherini.