Maumivu Sugu ya Mgongo: Njia za Kupata Nafuu Bila Upasuaji kwa Wakazi wa Mtwara na Pwani ya Mto Ruvuma

Maumivu ya mgongo sehemu ya chini, ambayo wengi huyaita maumivu ya kiuno, ni miongoni mwa sababu kuu zinazowafanya watu duniani kushindwa kutimiza shughuli zao za kila siku. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na tatizo hilo, na idadi hiyo inakadiriwa kufikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Maumivu huhesabiwa kuwa sugu yanapodumu kwa zaidi ya miezi mitatu.

Mkoani Mtwara, kazi nyingi zinazowapatia wananchi kipato hutegemea nguvu ya mgongo. Korosho huokotwa chini moja baada ya nyingine katika msimu wa mavuno, kisha hupakiwa katika magunia ya kilo 80 yanayobebwa hadi ghalani. Katika vijiji vya pwani kama Msimbati na Msangamkuu, maji yanapokupwa, wanawake huinama kwa saa kadhaa wakitafuta pweza na chaza, huku wavuvi wakivuta nyavu na kusukuma vyombo mchangani. Mkulima au mvuvi anayelazwa na maumivu katikati ya msimu huweza kupoteza sehemu kubwa ya mapato ya mwaka mzima.

Chanzo cha maumivu

Katika takribani asilimia 90 ya wagonjwa, maumivu hayo hayatokani na ugonjwa mmoja mahususi unaoweza kuoneshwa kwa kipimo. Hutokana na mchanganyiko wa mambo: misuli iliyochoka au kulegea, kazi nzito, ukosefu wa usingizi, msongo wa mawazo na hofu ya kujongea. Aidha, dhana kwamba kila maumivu ya kiuno ni ngiri au ugonjwa wa figo si sahihi, na imewafanya baadhi ya watu kutumia dawa zisizohusiana na tatizo lao.

Picha ya kipimo nayo haipaswi kuchukuliwa kama hukumu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, yaliyohusisha watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, yalionesha dalili za kuchakaa kwa diski za uti wa mgongo kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo, mtu kuambiwa kuwa pingili zake "zimesagika" hakumaanishi kwamba anahitaji kupasuliwa.

Tiba zinazopendekezwa

Desemba 2023, WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu matibabu ya maumivu sugu ya kiuno bila upasuaji, kwa ajili ya huduma za afya ya msingi na jamii. Mwongozo huo unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi yenye mpangilio, baadhi ya tiba za mikono ikiwemo kukandwa misuli, tiba ya kisaikolojia, pamoja na dawa za kupunguza maumivu na uvimbe kama vile ibuprofeni. Dawa hizo zitumike kwa ushauri wa mtaalamu na kwa muda mfupi, kwani matumizi ya kiholela huweza kusababisha vidonda vya tumbo na kudhuru figo, hususan kwa wazee na wenye shinikizo la damu.

Miongoni mwa mazoezi, kutembea ni rahisi na hakuna gharama. Utafiti uliofanyika Australia kwa watu wazima 701 na kuchapishwa mwaka 2024 ulibaini kuwa waliofuata programu ya kutembea pamoja na elimu walikaa kwa wastani wa siku 208 kabla ya maumivu kurejea, ikilinganishwa na siku 112 kwa wasiofuata programu hiyo. Lengo lao lilikuwa kufikia dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, wakianza kidogo na kuongeza taratibu. Maumivu kiasi wakati wa kuanza mazoezi ni jambo la kawaida na kwa kawaida si ishara ya madhara.

Yasiyopendekezwa

Mwongozo huo hauungi mkono matumizi ya kawaida ya mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa kali za jamii ya afyuni kama tramadoli. Kulala kitandani kwa siku nyingi nako hudhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Chale zinazochanjwa kwa wembe uliotumiwa na mtu mwingine huweza kuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Kupunguza mzigo kazini

Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mtu mzima. Gunia la kilo 80 linavuka kikomo hicho. Hivyo linapaswa kubebwa na watu wawili au kwa mkokoteni. Waokota korosho na watafuta pweza wanashauriwa kubadilisha mkao mara kwa mara, kupiga magoti badala ya kuinama muda wote, na kunyoosha mgongo kila baada ya muda. Kwa upande wa waajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawataka kulinda afya za wafanyakazi wao, na mfanyakazi anayeumia kazini ana haki ya kufuatilia fidia kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Dalili za hatari

Mgonjwa anapaswa kufika hospitali bila kuchelewa iwapo atashindwa kuzuia haja au kupata mkojo, atapata ganzi sehemu za siri, au miguu itapoteza nguvu. Vilevile, homa, jasho jingi usiku na kupungua uzito huweza kuashiria kifua kikuu cha uti wa mgongo au saratani. Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka kutoka mtini au ajali ya pikipiki yanahitaji uchunguzi wa haraka. Katika baadhi ya hali hizi, upasuaji huweza kuwa wa lazima, na kuchelewa huweza kuleta ulemavu wa kudumu.

Mahali pa kupata huduma

Wananchi wanahimizwa kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako watachunguzwa na kupewa rufaa inapobidi kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, iliyozinduliwa mwaka 2023. Wanaohitaji matibabu ya kibingwa zaidi hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam. Ushauri wa afya hupatikana pia bila malipo kwa kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya.