Ruhusa na Rahisi ni Ndugu

Juzi rafiki yangu aliniuliza, "Tukitaka kuandamana, tunaomba ruhusa kwa nani?" Swali hilo likanifanya nifikirie neno lenyewe.

Ruhusa tuliitoa kwa Kiarabu, rukhsa, na mzizi wake ni ule ule wa rahisi. Ndiyo, hayo maneno ni ndugu! Rukhsa ni kulegezewa jambo. Msafiri, kwa mfano, ana rukhsa ya kutofunga Ramadhani, halafu alipe siku hizo baadaye. Yaani ni kupunguziwa mzigo.

Sasa cheki vile mkoloni aliugeuza kuwa mzigo. Kuanzia 1920 hapa Kenya, mwanaume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, kikining'inia shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Ukitaka kuacha kazi, lazima mwajiri atie sahihi. Ukiondoka bila sahihi, wewe ni mtoro na jela inakungoja. Harry Thuku alipoongoza watu kupinga kipande na kodi, walimkamata 1922.

Kipande kilienda, lakini tabia ya kuomba ilibaki. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Sheria inataka tu polisi wapewe notisi, angalau siku tatu kabla. Na notisi si ruhusa, wasee. Anayeomba anaweza kunyimwa. Anayearifu ashaamua.

Kwa hivyo nilimjibu: hatuombi, tunaarifu.