Mlima, Barabara na Ramani: Safari ya GIS kutoka Kenya hadi Uskoti

Ukitoka Glasgow kwenda Inveraray kwa gari, njia ya kawaida hukupitisha Glen Croe. Ni bonde jembamba lenye milima mikali pande zote mbili, na barabara inapofika juu kabisa pana jiwe linalomwambia msafiri apumzike na ashukuru. Jiwe la kwanza mahali hapo liliwekwa na askari waliojenga njia katika miaka ya 1740, wakati serikali ya Uingereza ilipokuwa ikipasua barabara za kijeshi katika milima ya Uskoti ili majeshi yake yawafikie waasi upesi. Mpaka leo mahali hapo panaitwa Rest and Be Thankful.

Askari wale waliipitisha njia yao chini bondeni. Katika karne ya 20 wahandisi walijenga barabara nyingine juu zaidi, ubavuni mwa mlima Beinn Luibhean, ili magari yapande taratibu bila kuhangaika na kona kali za njia ya zamani. Hiyo ndiyo A83 ya leo. Kwa magari ilikuwa nafuu kubwa. Lakini barabara inayopita katikati ya mteremko ina mlima juu yake, na mvua kubwa ikinyesha, udongo na mawe ya juu hushukia lami.

Makala hii inaeleza jinsi Waskoti walivyotumia ramani za kompyuta kupima hatari hiyo. Ramani hizo hutengenezwa kwa Mfumo wa Taarifa za Kijiografia, ambao duniani kote hujulikana kwa kifupi chake, GIS. Tumeichagua mada hii kwa sababu mbili. Kwanza, historia ya GIS ina mzizi wake Afrika Mashariki, jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Pili, hesabu iliyofanywa Uskoti ina funzo kwa barabara za kwetu, na pia ina onyo.

Swali lililotoka Kenya

Karibu na mwaka 1960, Roger Tomlinson, mwanajiografia mzaliwa wa Cambridge, alikuwa akifanya kazi Kanada katika kampuni ya Spartan Air Services iliyopiga picha za ardhi kutoka angani. Kampuni hiyo iliulizwa ni wapi nchini Kenya panafaa kupandwa misitu. Ili kujibu, ilibidi kuweka ramani nyingi moja juu ya nyingine, kama za miteremko, hali ya hewa na njia za usafiri, kisha kutafuta sehemu ambazo masharti yote yanatimia kwa pamoja. Walipopiga hesabu ya kuifanya kazi hiyo kwa mikono, gharama ilikuwa kubwa mno, na mradi haukuendelea.

Tomlinson hakuliacha swali hilo. Aliona kwamba kama ramani zingegeuzwa kuwa namba, kompyuta ingeweza kuzilinganisha yenyewe. Muda si mrefu serikali ya Kanada, iliyotaka kuorodhesha ardhi yake, ilimpa nafasi ya kulijaribu wazo hilo. Mfumo uliotokana na kazi hiyo katika miaka ya 1960 ndio unaohesabiwa kuwa GIS ya kwanza, na Tomlinson aliitwa baba wa GIS mpaka alipofariki mwaka 2014.

Wakati huohuo Mskoti mmoja alikuwa akifikiri kwa njia inayofanana, bila kompyuta. Ian McHarg, aliyezaliwa Clydebank karibu na Glasgow mwaka 1920, alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Alipotakiwa kushauri barabara ipite wapi katika kisiwa cha Staten Island, New York, alichora karatasi angavu kwa kila jambo lililostahili kuangaliwa: mteremko, udongo, maji, misitu, makazi ya watu na mengineyo. Pale ambapo barabara ingeleta madhara makubwa alipaka rangi nzito, na pale ambapo madhara ni madogo aliacha peupe. Karatasi zote zilipowekwa pamoja, njia bora ilikuwa ile iliyopita kwenye weupe. Aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1969, Design with Nature. Tangu hapo kuweka matabaka juu ya matabaka kumekuwa kazi ya kila siku ya wapangaji wa barabara, ila siku hizi karatasi zimehamia ndani ya kompyuta.

Agosti 2004

Mwezi wa Agosti 2004 mvua zilizonyesha Uskoti zilizidi kabisa kawaida ya mwezi huo. Katika siku chache tu, barabara kuu tatu zilifunikwa na mitiririko ya tope na mawe: A83 karibu na Cairndow, A9 kaskazini ya Dunkeld, na A85 katika Glen Ogle. Huko Glen Ogle, tarehe 18 Agosti, magari yalinaswa katikati ya maporomoko mawili na watu 57 wakaokolewa kwa helikopta. Hakuna aliyefariki. Hata hivyo kila mtu aliona kwamba kilichookoa watu hao kilikuwa bahati.

Serikali ya Uskoti iliagiza utafiti wa mtandao mzima wa barabara kuu za nchi. Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 2005, na ya pili iliyoonyesha matokeo ikafuata miaka michache baadaye. Haikuwezekana kumtuma mtaalamu akague kila mteremko kwa miguu, kwa hiyo walianza na GIS.

Walichagua mambo matano. La kwanza ni kama pana udongo na mawe yaliyolegea ya kuweza kuporomoka. La pili ni jinsi maji yanavyokaa na kupita ardhini, kwa sababu udongo uliojaa maji hupoteza nguvu ya kushikamana. La tatu ni matumizi ya ardhi, kwani mizizi ya miti hushika udongo na mteremko ulio wazi hauna mshikaji. La nne ni ukaribu wa vijito, ambavyo hugeuka mifereji ya kuleta tope mpaka barabarani. La tano ni ukali wa mteremko wenyewe. Kila kipande cha ardhi kilipewa alama kwa kila jambo, alama zikajumlishwa, na ramani ikaonyesha wapi mlima una uwezekano mkubwa wa kuleta mtiririko. Baada ya hapo ndipo wataalamu walipoyakagua maeneo yaliyopata alama kubwa.

Tuseme wazi kwamba ramani kama hiyo haitabiri siku. Haisemi kwamba mlima huu utaanguka Jumanne. Inasema tu kwamba katika milima mingi uliyo nayo, hii ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Kwa nchi yenye barabara ndefu na fedha zenye kikomo, hilo si jambo dogo.

Hesabu ya pili

Sehemu ya utafiti inayotuvutia zaidi inakuja baada ya hapo. Kujua mahali mlima unapoweza kuanguka hakutoshi. Ni lazima pia kujua ni nani na nini kiko njiani. Watafiti wale walipima mambo mawili: idadi ya magari yanayopita, na kama barabara ikifungwa kuna njia nyingine ya kupita.

Swali hilo la pili ndilo lililoiinua A83. Si barabara yenye msongamano kama zile za kuingia Glasgow. Lakini ni mshipa wa maisha wa Argyll na Kintyre, na ikifungwa pale Rest and Be Thankful, mzunguko wake ni wa karibu kilomita 95. Mgonjwa, mvuvi mwenye samaki wabichi na mwanafunzi wote huulipia mzunguko huo. Sehemu hiyo ikawa miongoni mwa zilizopewa uzito wa juu katika nchi nzima.

Hatua zilifuata. Ziliwekwa taa za kuwaonya madereva siku za mvua kubwa, nyavu za chuma mlimani, na mashimo makubwa kando ya barabara ya kupokea tope kabla halijafika kwenye lami. Ile njia ya askari kule bondeni ilitengenezwa iwe mchepuko, na hivyo barabara ya karne ya 18 ikarudi kuiokoa ya karne ya 20. Hata hivyo mlima haukutulia. Agosti 2020 takriban tani 10,000 za udongo na mawe zilishuka kwa mara moja, na hata njia ya zamani ikabidi ifungwe kwa muda. Mwaka 2023 serikali ilitangaza mpango wa kujenga paa imara la urefu wa kilomita 1.4 juu ya barabara, ili tope lipite juu na magari yapite chini. Gharama ilikadiriwa kufika paundi milioni 470. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa watajenga ukuta na paa lake.

Tukiipeleka hesabu hiyo nyumbani

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, maporomoko ya udongo yalifunika nyumba katika vijiji vya West Pokot, Kenya, vikiwemo Nyarkulian na Parua. Zaidi ya watu 40 walifariki. Madaraja yalisombwa na barabara zikakatika, kwa hiyo waokoaji walichelewa kufika. Barabara ilipokatika, msaada nao ulikatika.

Sasa tuichukue hesabu ya Uskoti na kuiweka pale bila kubadilisha kitu. Mambo matano ya mlima yatafanya kazi vizuri, kwa sababu maji na udongo havijui mipaka ya nchi. Tatizo liko kwenye hesabu ya pili. Ukihesabu magari, barabara nyingi za vijijini kwetu zitapata alama ndogo, kwa sababu wanaozitumia wako kwa miguu, kwa bodaboda, au wamejipakia nyuma ya lori siku ya soko. Ukitazama barabara peke yake, hutaona nyumba zilizo chini yake. Ramani itakuwa sahihi, na mtu aliyelala chini ya mteremko hatakuwamo.

Kwa hiyo tunasema kwamba matabaka ya mlima yanaweza kuazimwa, lakini tabaka la watu ni lazima litengenezwe na wenyewe. Linawezekana. Tangu mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam pamoja na wakazi wa mitaa wamechora mitaro, nyumba na mipaka ya maji ya mafuriko, wakiwauliza wenyeji maji hufika wapi. Swali hilohilo linaweza kuulizwa kuhusu milima: udongo uliteremka wapi zamani, watoto hupita wapi kwenda shule, na zahanati iko upande gani wa daraja.

Lakini ramani pekee haitoshi, na Bududa, mashariki mwa Uganda, ni ushahidi. Mwaka 2006 watafiti wa Ubelgiji na Uganda walichapisha uchunguzi wa maporomoko ya eneo hilo na kueleza sababu zake. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliifunika Nametsi, na mamia ya watu walifariki au hawakuonekana tena. Elimu ilikuwepo, lakini haikuwa imegeuka kuwa barabara, onyo, wala mahali pa watu kuhamia.

Tomlinson alishindwa kulijibu swali la Kenya kwa sababu ya gharama ya kuchora. Leo programu za GIS zinapatikana bure na mwanafunzi yeyote anaweza kuzitumia kwenye kompyuta yake. Gharama iliyobaki ni ya kuwauliza watu, kuwahesabu, kisha kutenda. Hiyo haiwezi kulipwa na kompyuta.