UZI: "Kloni" majukwaani, na kura ambayo Kenya ilipiga 2005

Uzi mrefu kidogo leo, nivumilieni.

Kila msimu wa siasa ukifika, neno "kloni" linarudi. Juzi hapa Lamu msemaji mmoja (simtaji wala chama chake, kanuni ya hizi nyuzi mnaijua) alisema ati mahindi ya GMO, watoto wa chupa na "kutengeneza watu kwa kloni" ni mradi mmoja wa wazungu. Makofi yakapigwa. Nilikuwa nimekaa karibu na khalati yangu. Yeye na mumewe wanaweka akiba mwaka wa nne sasa, waende Mombasa watafute mtoto kwa hiyo njia ya chupa. Aliinuka, akatengeneza buibui lake, akaondoka kimya. Amenikubalia nilieleze hili, bila jina.

Sasa tutenganishe mambo. GMO ni kubadilisha jeni za mmea au mnyama. Mtoto wa chupa ni mbegu ya baba na yai la mama kukutanishwa maabara, kisha kurudishwa tumboni. Ana baba na mama kama mimi na wewe. Wa kwanza duniani alizaliwa Uingereza 1978. Kenya tulifika huko 2006, Nairobi.

Kloni ni kutoa kiini cha yai na kuweka kiini cha seli ya mwili wa mnyama mwingine. Anayezaliwa ni kama pacha wake wa kufanana, ila amechelewa miaka. Kwa mimea tunaifanya tangu enzi za mababu: ukipanda chipukizi la mgomba au kipande cha muhogo, hiyo ni kloni. (Mnazi haukubali. Unapanda nazi, unapata mti mwingine wenye tabia zake.)

Kwa mnyama ni kazi nyingine. Kondoo Dolly alizaliwa Scotland, Julai 1996, na kila mtu anamjua. Wasichokijua wengi ni kwamba yalitumika mayai 277 kumpata yeye mmoja. Wekeni namba hiyo kichwani, tutairudia. Hata Kenya amezaliwa fahali wa kloni, Boran aitwaye Tumaini, kwenye taasisi ya ILRI Nairobi. Watafiti waliandika habari zake 2016, na mmoja wao alikuwa kwenye kazi ya Dolly. Shabaha yao ni ng'ombe atakayestahimili nagana, ule ugonjwa wa mbung'o.

Barazani nasikia "wanazuoni hawajasema kitu". Wamesema zamani! Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lililo chini ya OIC, lilikaa Amman 1986 likaruhusu mtoto wa chupa kwa mume na mke, yai lake na mbegu ya mumewe, bila mtu wa tatu. Likakaa tena Jeddah 1997, mwaka ule habari za Dolly zilipotoka, likaharamisha kloni ya binadamu. Ya mimea na wanyama likaiachia nafasi kwa mipaka yake. Yani waliotenganisha haya mambo mawili ni mashekhe, na anayeyachanganya ni mwanasiasa.

Tukija Umoja wa Mataifa, 2001 Ufaransa na Ujerumani walipeleka hoja ya kupiga marufuku kuzalisha watu kwa kloni. Hapo hakukuwa na ugomvi, karibu kila nchi ilikubali. Ugomvi ulikuwa juu ya kloni ya matibabu: kutengeneza kiinitete, kuchukua seli zake, bila kumzaa mtu. Costa Rica na Marekani wakataka yote yakatazwe. Uingereza na wengine wakakataa. Novemba 2003, Iran kwa niaba ya nchi za Kiislamu ikaomba mjadala uahirishwe miaka miwili, ikashinda kwa kura 80 kwa 79. Kura moja! Mwishowe Machi 2005 likapitishwa tamko: 84 ndiyo, 34 hapana, 37 hawakuegemea upande. Kenya ilikuwa kwenye ndiyo. Lakini tamko si mkataba, halimfungi mtu. Walivutana juu ya kiinitete hadi lile walilokubaliana wote likakosa mkataba.

Na miaka hiyohiyo, Korea Kusini, mwanasayansi Hwang Woo-suk alitangaza amepata seli kutoka viinitete vya binadamu vya kloni. Kufika mwanzo wa 2006 ikabainika ni uongo. Mayai hayakuwa uongo lakini: zaidi ya 2,000, ya wanawake, wengine wafanyakazi wa maabara yake mwenyewe.

Ndio nikasema wekeni ile 277. Kondoo hakuulizwa. Kwa binadamu, kila yai linatoka kwa mwanamke aliyechomwa sindano za homoni na kuingizwa sindano nyingine kuyatoa. Atakuwa nani? Tajiri wa Nairobi, au binti asiye na karo? Mimi kama mwanafunzi wa siasa ningependa mgombea aulizwe hilo, na aulizwe ni sheria gani ya nchi inamlinda huyo binti. Hofu ya "nakala za watu" ni rahisi kuipigia makofi, manake haimgusi aliyekaa pale mkutanoni.

Khalati amenitumia ujumbe jana usiku. Jumatatu wanavuka Mokowe na boti ya kwanza, wapate basi la asubuhi.