Kiarabu cha Masikio

Mtoto wa Unguja aliyepita chuo cha Kurani hutamka Kiarabu kwa makhraj safi, ha na kha kila moja na mahali pake kooni, na huku hawezi kuomba maji kwa lugha hiyo. Husoma juzuu, huitikia Barzanji, wakubwa wakamsifu. Maana ataijua baadaye, au asiijue kabisa. Makoo yaliyofunzwa namna hiyo ndiyo taarab iliyoyakuta Zanzibar.

Simulizi maarufu husema Sultani Barghash bin Said, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga ganuni, na aliporudi muziki ukaingia jumba la kifalme. Uliimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa, Mji Mkongwe, nacho kikaishika njia ya Misri: udi, ganuni, fidla, na Kiarabu chake. Santuri za Cairo zilipoenea, mwalimu hakuhitaji tena kupanda meli. Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, alifuatwa pumzi kwa pumzi na watu ambao wangemwelewa nusu, kama si robo.

Neno lenyewe, taarab, latokana na tarab ya Kiarabu, ile hali ya mtu kuzidiwa na raha ya muziki. Kwa sauti peke yake watu walizidiwa kweli. Lakini Mzanzibari ana raha yake nyingine: kunyanyuka kitini, noti mkononi, akamtunze mwimbaji kwa sababu ubeti umemgonga jirani. Kwa Kiarabu, kijembe hakichomi.

Siti binti Saad alilijua hilo. Alizaliwa Fumba yapata 1880, akauza vyungu, akahamia mjini mnamo 1911. Kiarabu aliimba, Kihindi pia, mbele ya mabwana waliopenda hivyo. Ila jina lake lilikua kwa Kiswahili, kwa visa vya mjini ambavyo Ng'ambo nzima ilivijua. Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wanamuziki wenzake kurekodi santuri za Kiswahili za kampuni ya His Master's Voice. Ni vigumu kuamini kwamba fundi wa mitambo kule alijua nani amesemwa.

Kihindi nacho hakikuondoka. Filamu za Bombay zilipojaza sinema za mjini, watunzi walizichukua tuni zake na kuzivika mashairi ya Kiswahili. Nyimbo za Siti nazo hazikupotea: mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliendelea kuziimba hadi uzeeni.

Mwaka 2002 kikafunguliwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kikakaa kwa miaka mingi katika jengo la forodha ya zamani, Mizingani. Wageni kutoka Ulaya walipanda ngazi zake kujifunza taarab, na safari hii Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kukaririwa bila kueleweka.