Mtoto wa Krakatau

Mwezi wa Julai 1884, bahari ilianza kutupa mawe mepesi kwenye fuo za Unguja. Yalikuwa mawe ya volkano yenye vitundu vitundu, ndugu za lile jiwe la kusugulia visigino, na yanaelea majini kama boya. Katikati ya mawe hayo kulikuwa na mafuvu na mifupa ya watu. Hao walikuwa wakazi wa Java na Sumatra, waliokufa karibu mwaka mzima kabla, ng'ambo ya Bahari ya Hindi.

Volkano ya Krakatau iko kwenye mlango-bahari wa Sunda, katikati ya visiwa hivyo viwili. Ililipuka Agosti 27, 1883, na mlipuko wa saa nne asubuhi ulisikika hadi kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800 mbali. Mkuu wa polisi wa huko alidhani ni mizinga. Hii stori ya sauti ndiyo vitabu hupenda kutusimulia, na kusema kweli ni tamu. Lakini sauti haikuzika vijiji. Hesabu rasmi ya serikali ya Waholanzi ilikuwa watu 36,417, na wengi wao waliuawa na maji. Mawe na majivu ya moto yaliporomokea baharini, bahari ikasukumwa, na kuna mahali wimbi lilipanda kama mita 30. Meli ya mvuke iliyoitwa Berouw ilibebwa nchi kavu na kuachwa zaidi ya kilomita mbili kutoka ufuoni.

Bahari haijali kinachoisukuma. Sisi tumezoea kusikia kwamba tsunami inatokana na tetemeko la ardhi, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini mlima wa volkano ulio kisiwani ni rundo la majivu na mawe yaliyopangana haraka haraka, miguu yake ikiwa ndani ya maji. Ubavu ukimeguka, tayari una wimbi. Na huhitaji ardhi itetemeke hata kidogo.

Mwaka 1927 kitu kilianza kufuka pale Krakatau ilipozama. Wenyeji wakakiita Anak Krakatau, yaani Mtoto wa Krakatau. Mtoto akakua hadi mita 338 hivi, lakini alikuwa amejengwa pabaya, ukingoni mwa shimo lililoachwa na mzazi wake, akiegemea upande wa kusini-magharibi ambako chini yake hakuna kitu ila kina. Mwaka 2012 watafiti walichapisha hesabu zao: ubavu huo ukianguka, mawimbi yatafika pwani ya Java kwa dakika 35 hadi 45. Kila mtu angeweza kusoma.

Shida ni kwamba Indonesia ilikuwa na kidonda kingine. Desemba 26, 2004, tetemeko kubwa karibu na Sumatra lilileta tsunami iliyoua watu zaidi ya laki mbili kuzunguka Bahari ya Hindi. Huku Kenya tulikuwa na bahati ya umbali. Maji yalichukua saa kadhaa kufika, habari zikatutangulia, polisi wakawatoa watu ufuoni, na tukampoteza mtu mmoja. Wengine hawakuwa na hizo saa. Baada ya hapo Indonesia ikajenga mfumo wa tahadhari uliozinduliwa 2008, na mfumo huo ulisubiri kitu kimoja: tetemeko.

Jumamosi, Desemba 22, 2018. Bendi ya Seventeen inapiga shoo kwenye hoteli ya ufuoni Tanjung Lesung, bahari ikiwa nyuma ya jukwaa. Kuna video, labda uliiona wakati ule. Watu wanapiga makofi, ngoma zinalia, halafu jukwaa zima linasukumwa mbele kama meza iliyopigwa teke. Nusu saa hivi kabla ya hapo ubavu wa Mtoto ulikuwa umeingia baharini, na hakuna king'ora kilicholia. Mwimbaji, Ifan, alibaki hai. Wenzake wote wa bendi walikufa, na mke wake pia. Jumla ya waliokufa pwani hizo ilipita 430. Kisiwa kilibaki na mita 110 hivi.

Kinachoniuma zaidi ni saa zilizofuata. Maafisa kwanza walisema si tsunami. Mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo ni maji tu yamejaa, kile watu wa pwani yetu wangekiita bamvua. Msemaji wa shirika la majanga, Sutopo Purwo Nugroho, aliomba radhi hadharani Twitter, akaeleza kwamba bila tetemeko ilikuwa vigumu kujua chanzo. Wakati huo mwenyewe alikuwa anaugua saratani ya mapafu, na bado alikuwa anajibu simu za waandishi. Alifariki Julai 2019. Sioni kama alidanganya mtu. Alisoma alichopewa na mitambo, na mitambo ilikuwa imefundishwa kusikiliza msiba wa 2004.

Na kama unadhani hizi ni habari za Indonesia pekee, rudi nyuma siku 41. Novemba 11, 2018, mngurumo wa ajabu ulianzia karibu na Mayotte, hapo kwenye visiwa vya Komoro, ukazunguka dunia kwa zaidi ya dakika 20. Mitambo ya kupima mitetemo iliunasa hata hapa Kenya. Hakuna mtu aliyeuhisi. Aliyeuona ni mpenzi mmoja wa matetemeko aliyekuwa akiangalia michoro mtandaoni, akaiposti Twitter kuuliza hiki ni nini jamani.

Mei 2019, meli ya utafiti ikapata jibu: mlima mpya wa volkano, wa mita 800 na ushee, kwenye sakafu ya bahari kilomita 50 mashariki ya Mayotte. Umepewa jina Fani Maoré. Wenyewe uko chini sana ya maji. Kinachofanyiwa hesabu sasa ni miteremko iliyo karibu na kisiwa cha Petite-Terre, na wimbi litakalotokea ikimeguka.